Mahali Walipomweka Mutombo

Jumatatu, 4 Septemba 1995

Sare za shule tangu asubuhi. Sketi za buluu, mashati meupe. Umeme hakuna. Cherehani yangu ni ya miguu, sijali.

Mchana amekuja mke wa shefu Kaseba na binti yake. Nimempima mtoto mabega, kiuno, urefu. Ana adabu. Ana macho ya baba yake. Nimekata kitambaa sawasawa, bila kukosea hata mara moja. Hilo ndilo limenitisha.

Sijawahi kuyaandika haya, leo nayaandika. Miaka mitatu iliyopita, Septemba kama hii, Wakasai, watu wa asili ya Kasai, walifukuzwa Likasi, nyumba kwa nyumba. Kaseba ndiye aliyewaongoza vijana wa mtaa wetu. Mume wangu Mutombo alikuwa Mkasai, fundi wa karakana ya kampuni, mzaliwa wa hapa hapa. Alimpeleka mama yake na dada yake Mbuyi stesheni, kisha akageuka kuja kutuchukua mimi na binti yetu Ngalula. Hakufika. Mwili sikuuona. Mama mkwe naye alifia ndani ya treni, kabla ya kufika Kasai.

Mimi ni Msanga, wa kabila la wenyeji, kwa hiyo nikaachwa. Watu wananiambia nina bahati. Kaseba sasa ni shefu, mkuu wa mtaa.

Jumapili, 10 Septemba

Baada ya misa padri alitangaza mgeni. Mwanamke kijana kutoka Lubumbashi, mwanasheria, avoka Chantal. Anakusanya ushuhuda wa waliofukuzwa na waliofiwa. Watu wengi wakatoka haraka kama kanisa linaungua. Tukabaki wachache ukumbini.

Alisema kuua watu na kuwafukuza kwa sababu ya kabila lao ni kosa juu ya binadamu wote, na kosa hilo halizeeki. Hata kama tribinali, mahakama za leo, ni dhaifu. Alisema pia kuhusu fidia. Nilidhani fidia ni nyumba na vitu. Akasema kila aliyeumizwa aseme mwenyewe ni kitu gani kinaweza kutengeneza kilichoharibika, hata kidogo.

Mdomo wangu ukafunguka kabla yangu. Nikasema nataka mwili wa mume wangu. Na nataka Kaseba aseme alichofanya.

Avoka akauliza kama kuna aliyeona. Mama Godelieve, jirani yangu muuza makala, makaa ya kupikia, akainama kufunga viatu. Viatu vyake havina kamba.

Jumanne, 12 Septemba

Nimekwenda kwa Mama Godelieve. Alikuwa anapanga magunia ya makala juu ya puspus, mkokoteni wake ule wa magurudumu mawili anaosukuma mpaka sokoni. Nikamwuliza kama aliona kitu siku ile.

"Minye sikuona kitu, mama Ngalula."

Halafu, bila mimi kuuliza, akasema: "Benye nyumba bakirudia, minye nitalala wapi?"

Nyumba anayokaa ilikuwa ya Mkasai aliyefanya kazi pamoja na Mutombo. Kaseba ndiye aliyemwingiza. Sikuwa nimetaja nyumba. Nikajua ameona. Nikatoka nikiwa na hasira mpaka masikio yakaniwaka.

Alhamisi, 14 Septemba

Nimemshitaki Kaseba tribinali. Avoka Chantal alisimama pembeni yangu. Juji, hakimu wetu, ni mzee aliyechoka, anakohoa kwenye leso. Ameuliza mara mbili kama nina hakika. Nina hakika. Pia nina hofu.

Jumatano, 20 Septemba

Wanakuja kuchukua vitambaa vyao. Mmoja mmoja, bila kelele. Mmoja anasema amepata fundi karibu zaidi. Fundi gani, wapi, hasemi. Mke wa Kaseba alichukua sketi ya bintiye ikiwa haijapindwa. Akasema asante. Kwa nini aliniambia asante?

Ngalula anatoka shule peke yake. Kule wanamjua kwa jina la Régine na jina la ukoo wangu. Mimi ndiye niliyemwandikisha hivyo baada ya ile Septemba. Jina la baba yake lilikuwa hatari.

Jumamosi, 23 Septemba

Walikuja askari wawili, wakanipeleka kituoni. Wamenikalisha sakafuni tangu asubuhi mpaka jua kuzama, bila viatu. Swali moja tu. Nani anakutuma? Nikasema Mutombo. Wakanipiga makofi. Wakauliza tena, nikasema tena. Sijui nguvu ile ilitoka wapi, si ya kwangu.

Ngalula alileta bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Wamekula wao. Nilisikia wakiisifu sombe.

Sikio la kushoto halisikii vizuri.

Jumapili, 1 Oktoba

Kaka yangu Sébastien amefika kutoka Kapolowe kwa baiskeli, na unga. Hakukaa vizuri kwenye kiti. Nilijua hakuja kwa ajili ya unga.

"Acha ile kesi, dada. Weye iko muntu wa kwetu. Unashitaki ndugu yako juu ya mugeni?"

Ngalula alikuwa anaosha sahani. Aliacha. Ana miaka kumi na minne, hajawahi kumjibu mtu mzima.

"Mujomba, ule mugeni alikuwa baba yangu."

Sébastien akaangalia mikono yake. Akaondoka bila kula. Sikumsindikiza. Nimelia kwa sababu ya kaka, si kwa sababu ya Mutombo. Kwa Mutombo machozi yaliisha zamani.

Ijumaa, 6 Oktoba

Hakuna kazi. Tumekula ule unga wa Sébastien. Mtaani wananipisha njia kama nina ugonjwa. Nimetamani kuiacha kesi. Naandika kwa sababu ni kweli. Nilivaa viatu niende kumwambia juji nimeghairi. Nikafika kona ya shule nikarudi. Sina sababu ya maana. Jua lilikuwa kali.

Alhamisi, 12 Oktoba

Naandika polepole ili nisiruke kitu.

Juji alituita, mimi na Kaseba. Kaseba alivaa koti la Jumapili. Alisema ile siku alikuwa Kamatanda kwa shangazi mgonjwa. Alisema ananihurumia, huzuni imeniharibu kichwa. Alisema vizuri. Hata mimi ningemwamini.

Juji alikuwa anafunga shauri. Mlango ukafunguliwa. Mama Godelieve. Kitenge cha kanisani, kilemba, miguu imejaa vumbi la makala. Hakumwangalia mtu. Akasema: "Minye niliona byote."

Akaeleza. Walimsimamisha Mutombo chini ya tuta la reli, karibu na mahali yeye anapouzia makala. Mutombo aliwaomba wamwache apite, mke wake na mtoto wanamngoja. Kaseba akamwamuru kijana wa kwanza apige. Wakapiga. Fimbo, mawe, chuma. Alipoacha kusogea walimnyang'anya Mama Godelieve puspus, wakamwaga makala yake, wakamlaza Mutombo ndani. Yeye akawafuata kwa nyuma.

Juji akamwuliza kwa nini aliwafuata.

"Nilifuata puspus yangu. Siko na kazi ingine."

Kwa hiyo aliona shimo. Upande wa Kamatanda, nyuma ya machimbo yaliyoachwa. Walipomaliza wakamrudishia puspus. Akaiosha mtoni.

Kaseba alisema mwanamke huyu ni mlevi. Karani akasoma maneno yote tena kwa sauti, Mama Godelieve akaweka kidole gumba.

Miaka mitatu nimenunua makala kwake. Makala ya juu ya puspus ile. Nimepikia mtoto. Nilifika nyumbani nikamwaga makala yote nyuma ya choo. Namchukia kuliko Kaseba. Amenipa mume wangu na namchukia.

Jumatano, 18 Oktoba

Juji amehamishwa. Mpya hajafika. Karani anasema shauri limepelekwa juu. Juu wapi, hajui.

Avoka Chantal anasema maneno ya Mama Godelieve yameandikwa, nakala anayo, na siku moja yatasomwa mbele ya watu wenye nguvu kuliko Kaseba. Macho yake yalikuwa mekundu. Simwamini. Lakini sikumwambia. Amesafiri mara nyingi kwa malori ya mizigo kwa ajili yangu.

Jioni vijana wamemtoa Mama Godelieve katika ile nyumba. Sufuria, godoro, sanamu ya Bikira, yote barabarani. Niliangalia kutoka dirishani. Sikutoka.

Jumatano, 25 Oktoba

Ofisini wanasema kufukua mtu kunahitaji ruhusa, na wa kutoa ruhusa hayupo. Padri anasema akipatikana atamzika, ruhusa iwepo isiwepo. Lakini nani atachimba? Nimewaomba wanaume watano wa parokia. Wote migongo inawauma.

Ijumaa, 27 Oktoba

Sébastien amekuja. Majembe mawili yamefungwa kwenye baiskeli, na nyuma yake wanaume wawili wa Kapolowe. Sikumwita. Sijui nani alimwambia. Alisema neno moja tu.

"Wapi?"

Jumamosi, 28 Oktoba

Mama Godelieve alitangulia, sisi nyuma. Padri, Sébastien na wenzake, mimi, Ngalula. Nilimkataza Ngalula. Akaja.

Mama Godelieve alisimama karibu na kichuguu, akaonyesha chini, akaenda kukaa mbali. Udongo mwekundu, mgumu, mvua bado. Walichimba muda mrefu. Nikaanza kuomba wasipate kitu.

Kwanza buti za kampuni. Halafu mkanda. Halafu mkono wa kushoto, na kidole cha shahada kimeishia kwenye kifundo cha kwanza. Mashine ilimkata kabla hatujaoana. Alikuwa akiniambia kipande kile kampuni imekiweka akiba.

Ni yeye.

Sébastien alipiga magoti ndani ya shimo, akamtoa yeye mwenyewe, kidogo kidogo, akampanga juu ya shuka langu. Kila mfupa alisema "pole, shemeji." Sikujua kaka yangu anaweza kulia hivyo. Ngalula alifuta udongo kichwani kwa kitambaa chenye maji. Kichwa kimepasuka upande wa kulia. Niliangalia. Nilitaka kuona yote.

Jumatatu, 30 Oktoba

Mifupa iko kanisani ndani ya sanduku. Padri amemtumia Mbuyi habari kwa redio ya misheni.

Makaburi ya mjini hayapokei mtu bila karatasi ya shefu wa mtaa. Shefu wa mtaa ni Kaseba. Nimekwenda.

Alikuwa peke yake ofisini. Akaandika jina. Aliniuliza herufi za jina, eti hajui linavyoandikwa. Akafika kwenye sababu ya kifo. Kalamu ikasimama.

"Alikufa na nini?"

Aliniuliza mimi.

"Andika weye," nikasema. "Minye sikukuwa pale."

Nje kulikuwa na mtu anapasua kuni. Mwishowe akaandika: haijulikani. Akapiga muhuri. Nilipoishika karatasi hakuiachia mara moja. Akasema chini chini, macho mezani:

"Tulikuwa bengi, mama."

Nikatoka. Nimetembea mpaka sokoni bila kujua naenda wapi. Tulikuwa. Amesema tulikuwa. Hilo ndilo nimepata kutoka kwake, na aliyesikia ni mimi tu. Anataka niwatoe wangapi ndani ya neno hilo ili abaki yeye?

Nilidhani nikimsikia akisema nitapumua. Sijapumua.

Jumamosi, 4 Novemba

Tumemzika.

Mbuyi alifika jana, amekonda, nywele nyeupe, stesheni nilipita dirisha lake la behewa bila kumtambua. Aliogopa kushuka. Sébastien akapanda ndani ya behewa, akamshika mkono, wakashuka pamoja.

Watu hawakuwa wengi. Fundi mmoja wa karakana alikuja na kofia yake ya kazi, akasimama nyuma. Wanawake watatu wa mtaa. Sikuwategemea.

Kaburini Mbuyi akaanza kulia kwa Kiluba cha kwao. Kwa sauti. Aliita majina ya ukoo wote, babu kwa babu. Lugha hiyo ilikuwa haijasikika mchana Likasi tangu treni zile. Mchimba kaburi aliangalia huku na huku. Mbuyi hakunyamaza.

Msalaba aliuandika Ngalula, na jina lote la baba yake. Kisha akaniambia Jumatatu shuleni atasema jina hilo hilo ni lake. Nimemwambia sawa. Ninaogopa. Nimemwambia sawa.

Jumapili, 12 Novemba

Mvua za kwanza. Mbuyi ameondoka Ijumaa. Nilimwambia abaki, akasema usiku anasikia fimbo kwenye milango. Kesi hakuna. Avoka ameahidi kurudi mwezi ujao. Kaseba ameimba kwenye misa leo, safu ya nyuma, sauti ya chini.

Mama Godelieve analala kwenye stoo ya parokia. Baada ya misa alinifuata mpaka nyumbani, mbali kidogo. Akasimama nje ya lupango, ua wetu. Niliingia, nikakaa mlangoni kuchambua maharage. Sikumkaribisha. Sikumfukuza.

Ngalula akatoka na kigoda, akakiweka chini ya mwembe wa jirani. Mama Godelieve akakaa. Mvua ilipoanza akanyanyuka, akaniangalia. Nikasogeza sinia la maharage upande, nafasi ikapatikana.

Akaja akakaa chini ya paa. Alinukia makala. Tuliangalia maji yakipita uani mpaka mvua ikaisha.