Maji ya Moto kwenye Pipa la Achol

Lodwar, Alhamisi, jua likielekea kuzama.

Upepo umevuma tangu asubuhi, na vumbi limeingia hadi kwenye kikombe changu cha chai. Nimeinywa hivyo hivyo. Leo sina uso wa kulalamikia chochote.

Nina wivu. Haya, nimeshaliandika. Mtu mzima mimi, fundi mkuu wa maabara ya chuo, namwonea kijicho msichana niliyemfundisha mwenyewe kushika chupa ya asidi bila kutetemeka.

Anaitwa Achol. Kwao ni Sudan Kusini, kakulia kambini Kakuma, akaja kusoma hapa, na mwaka huu ameajiriwa kuwa msaidizi wangu. Tulielewana vizuri mpaka wafugaji wa upande wa Lokiriama walipotuletea yale mawe mekundu, mazito ajabu. Tuliyapima tukakuta zebaki iliyoshikana na salfa, madini yaitwayo antimoni, na dhahabu kidogo. Mkuu wa chuo akataka kujua kama tunaweza kuzitenganisha.

Mimi nilikuwa na njia yangu. Unasaga jiwe, unaliloweka kwenye kostiki soda na chumvi ya salfa. Zebaki na antimoni zinayeyuka, dhahabu inabaki kwenye machicha. Kisha unatia vipande vya alumini (nilikata sufuria yangu kuukuu), zebaki inajitenga na kutua chini, antimoni inabaki majini. Ni kazi ya siku nyingi na haina la kupigia picha.

Achol akaja na chungu cha chuma. Unalichoma jiwe, zebaki inapanda kama mvuke, inapita kwenye bomba lililozama ndani ya pipa la maji, inapoa, inadondoka. Kwa saa mbili umemaliza. Chuo kizima kikaanza kusema "mtambo wa Achol". Chupa zangu zikasogezwa chini ya sinki.

Hata mimi niliona ni mtambo mzuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Leo asubuhi aliujaribu. Matone yalidondoka meupe, yanang'aa, yakakimbizana mezani. Mkuu wa chuo akapiga makofi, akasema, "Hii ndiyo akili tunataka!" Akamwambia arudie mchana mbele ya wageni kutoka ofisi za kaunti. Mimi nilikuwa nimeshika mlango. Moyoni nikasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na nikatamani sana iwe kweli.

Mchana aliyamwaga maji ya asubuhi, yaliyokuwa yamepoa pipani usiku kucha, akajaza mengine kutoka tangi la juu ya paa. Anayeishi Lodwar anajua maji ya tangi saa nane mchana yalivyo. Unaweza kumwogeshea mtoto bila kuwasha jiko. Nilipopita nilichovya kidole pipani. Moto ulikuwa umewashwa robo saa tu, na tayari maji yalikuwa yanachoma.

Nikajua. Bomba likipata joto, mvuke haupoi. Unapita na kuingia chumbani, nao ni sumu isiyo na rangi wala harufu.

Sikusema kitu.

Nilitaka atoke mikono mitupu. Nilijiambia ataona mwenyewe, kisha nikafungua dirisha moja, lililokuwa karibu yangu, nikasimama hapo. Wageni watatu walichungulia, wakaona vitone viwili vitatu, wakaaga mapema. Achol alibaki amechuchumaa kando ya chungu, akichochea moto kwa zaidi ya saa nzima.

Na mimi nilifurahi. Nilifurahi kabisa.

Baadaye Mama Nakiru, anayetusafishia maabara, alikuja akiwa ameunyoosha mkono. Alikuwa amefuta meza bila kuivua bangili yake ya alumini, ile aliyofuliwa na mumewe. "Ejok, mwalimu," alinisalimia kwa Kiturkana. "Angalia hii bangili yangu, inaota ndevu!" Alicheka. Manyoya meupe yalikuwa yanachipuka kwenye bangili, unayaona yakirefuka. Zebaki ikigusa alumini huila hivyo. Ilikuwa imetapakaa meza nzima, na iliyo mezani ndiyo inayoonekana.

Nikapiga kelele watu wote watoke nje. Nikazima moto, nikafungua madirisha yaliyobaki, nikamvua mama wa watu bangili yake. Hakucheka tena.

Achol alikaa kwenye kivuli cha ukuta, anakohoa. "Mwalimu, nimekosea wapi?" aliniuliza. "Mimi nimefanya yote vile ulinifunza. Na wewe ulikuwa hapo hapo. Kama kulikuwa na makosa si ungeniambia."

Hakuwa ananishtaki. Alikuwa anajifariji, kwamba kwa kuwa nilikuwepo basi halikuwa kosa kubwa.

Nikamwambia maji yalikuwa ya moto. Nikaishia hapo.

Nimempigia mkuu wa chuo simu, wageni nao wametafutwa wakapimwe. Achol na Mama Nakiru wameshatangulia hospitali, na boda boda wangu anapiga honi hapa nje. Najua swali la kwanza la daktari: wamevuta mvuke huo kwa muda gani? Achol atasema hajui, na ni kweli hajui. Mimi najua ulianza saa ngapi, kwa sababu nilitoa kidole pipani nikatazama saa ya ukutani, kisha nikaenda kufungua dirisha langu.

Nitaitaja hiyo saa, na nitaitaja nikiwa namtazama Achol, si daktari.