Chewa wa Mkwe

Wambaa, Jumatatu, 4 Machi 1996

Mwanangu Fakhriya,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, ila goti la kushoto halinitii tena, kama mke aliyechoka. Nyinyi je? Mkweo Bi Bimkubwa anageuzwa vizuri kitandani?

Umeniuliza samaki gani wakae pamoja katika sanduku la kioo ambalo mumeo Msellem kamtengenezea mama yake. Umemuuliza mwenyewe! Hakuna samaki wa bahari hii nisiyemjua, yeye na bibi yake mzaa mama. Miaka arubaini navuta dema, mtego wangu wa samaki. Wanaoingia dema moja, asubuhi nawakuta wametulia kama maamuma nyuma ya imamu. Basi nimekuchagulia wa dema moja: vitatange wadogo wawili, tasi watatu wa kidole, na chewa mmoja mpole, urefu wa kiganja na kipande. Mbarouk dereva atakuletea wazima ndani ya ndoo. Maji ya bahari yabadilisheni asubuhi na jioni.

Mimi siji. Tangu uchaguzi mumeo hanialiki, nami sijialiki. Chama chake kwake, changu kwangu. Samaki hawana kadi, waache wapite.

Baba yako,
Kificho

Wete, Jumatatu, 11 Machi 1996

Baba,

Wa alaykum salaam. Pole na goti. Afya ninayo, raha sina.

Samaki walifika wazima. Msellem alilisogeza sanduku karibu na kitanda, na Bi Bimkubwa, ambaye tangu apooze hajaiona pwani ya kwao Micheweni, alicheka mpaka akakohoa. Akawapa majina. Siku ya pili tasi mmoja hayupo. Tukatafuta mpaka uvunguni, tukidhani karuka. Siku ya nne tasi wote hawapo, kitatange mmoja hayupo, na mkia wa yule wa pili unachungulia mdomoni mwa chewa. Bi Bimkubwa aliona kwa macho yake. Hakulia. Alisema, "Kificho kakileta chama chake mpaka chumbani kwangu."

Msellem akaniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha: "Babako alijua kwamba chewa atawala wenzake?"

Nami kwa kukutetea nikamjibu, "Baba hakuna samaki asiyemjua."

Nimejifunga kwa ulimi wangu. Kama unawajua wote, basi ulikusudia. Shemeji zangu tangu uchaguzi wanasema mke wa upande ule arudishwe kwao, na mtaani kwetu wako waliokwisha kurudishwa. Msellem alikuwa akikataa. Sasa kanyamaza. Ijumaa baada ya sala wanakuja kukaa kikao. Niandikie, baba, lakini uandike kweli, na iwe ya kusomeka mbele yao.

Mwanao.

Wete, Jumatano, 13 Machi 1996

Baba,

Salamu nyingi. Mbarouk kasema barua alikupa mkononi, ukaisoma mara mbili, ukashika njia ya pwani. Pwani, baba! Nguo zangu nimeshazikunja.

Mwanao.

Wambaa, Alhamisi, 14 Machi 1996

Kwa Bi Bimkubwa, kwa Msellem, na kwa kila aliyekuja kunywa chai ya kikao,

Assalaam alaykum. Natumai mmeamka salama. Mbarouk nimemwapisha asile wala asinywe kabla barua hii haijafika.

Mimi Kificho samaki siwajui. Nawajua wakishakufa, na zaidi wakishatiwa nazi. Dema nalivuta asubuhi, nawahesabu niliowakuta. Walioliwa kabla sijafika, nani angeniambia habari zao? Chewa alikuwa ametulia kwa sababu ameshiba. Miaka arubaini shibe yake naiita upole.

Fakhriya alisema alichofunzwa, na aliyemfunza ni mwongo. Mkitaka kumrudisha mtu, nirudisheni mimi chuoni, nilikokimbia juzuu ya tatu.

Siku mbili hizi, maji yakitoka, nalala kifudifudi kwenye mwamba nikitazama vidimbwi. Wambaa wanashauriana waniitie mganga. Nimeona hivi: chewa hali kwa hasira, hula chochote kinachoenea mdomoni mwake. Basi pimeni mdomo, msitazame rangi. Vitatange wawekeni wawili wanaofuatana wenyewe. Wa tatu watampiga. Tasi hutafuna majani ya mwambani, hana neno na mtu. Mbarouk anawaletea hao tu, niliowaona kwa macho yangu wakipishana salama. Chewa mpikeni, na kichwa apewe Bi Bimkubwa. Ana haki ya kulipiza.

Someni kwa sauti. Siku nyingine nikidai kuwa nilikuwa natania, msinisikilize.

Msellem, liko moja kati yetu. Ulipokuwa ukija Wambaa kumchungulia binti yangu, ukijidai unatafuta ndimu, mimi nilikuwa barazani, macho nimefumba, nakoroma. Wallahi sikulala hata siku moja. Fadhila hiyo hujanilipa. Kesho Ijumaa nakuja kumwomba radhi mama yako kitandani kwake. Nikifika mlangoni, huna haja ya kunisalimu mbele ya ndugu zako, wala kunikaribisha wakakusema kwenye tawi lenu. Wewe keti barazani, fumba macho, na ukorome kidogo.

Mkweo,
Kificho