Udongo ya Kilima Penye Bahati Analala

Mama yangu,

Nakusalimia na heshima yote, wewe na Papa. Kifua imekuacha, ao ungali unakohoa? Mimi niko muzima huku Masisi. Tangu vita ifunge barabara ya Kashebere sikupata muntu wa kukupelekea habari. Leo dereva mumoja wa Butembo amekubali kubeba barua hii.

Niko kapita, musimamizi wa kazi ya udongo. Bonde ile mukoloni alikausha ili ngombe zilishe, sasa tunairudishia maji, kwa sababu tangu ikauke visima vya kijiji navyo vilikufa. Tulijenga ukingo murefu: upande wa juu maji ibaki, upande wa chini bakimbizi balime. Lakini maji ikaanza kupita chini ya ukingo, pole pole, sawa na jasho. Bonde haikujaa, na maharagi ya bakimbizi ikaoza.

Dawa ilikuwa moja: kuchimba mufereji kando ya ukingo mpaka chini kwenye mwamba, tuujaze udongo ya kufinyangia nyungu, tuikanyage sana. Udongo hiyo ilipatikana mahali pamoja tu: kilima penye nilimuzika kaka Bahati, ile mwaka tulikimbia vita.

Nilikataa. Tulitafuta kwingine juma mbili, tukakuta muchanga tu. Njo Mama Noella, mukimbizi, akanifikia na kitunga ya maharagi yenye kuoza. Hakulalamika. Alikaa chini, akasema, "Kapita, na mimi niko na mutoto pale, karibu na ndugu yako. Tubahamishe pamoja."

Katekista alisali. Bahati nilimuchimbua mwenyewe. Nilimujua kwa mukaba wa Papa wenye alikuwa amevaa. Nilimufunga mu kitenge mupya, tukabazika bote babili juu zaidi, upande wenye kuangalia kwetu Walikale. Kisha tukabeba udongo. Bamama baliikanyaga siku nyingi, bakiimba nyimbo za kilio.

Sasa chini ya ukingo ni kukavu. Maji imesimama bondeni, mafunjo yanaota, na Mama Noella amepanda tena.

Batu bananishukuru, lakini roho yangu haitulii. Wewe njo ulimuzaa, na sikukuuliza. Barabara ilifungwa, ni kweli; hata hivyo ruhusa ilikuwa yako.

Unisalimie Papa, na dada yangu anayeuza chumvi kule Mpofi, na shangazi aliyenilea. Mujane wa Bahati umusomee barua hii polepole, Papa akiwa karibu.

Kama nilikosa, usitume muntu kuniambia. Uniandikie wewe mwenyewe.

Mutoto wako,
Musafiri