Mashine Yangu Kwenye Orodha ya Klabu

Jumatatu, 3 Machi

Klabu imefilisika. Leo ndiyo wametangaza, kana kwamba kuna mtu alikuwa hajui! Mimi mfuaji wa jezi nimejua tangu sabuni ilipokoma kuja. Klabu haina pesa ya sabuni, inanunua mshambuliaji. Halafu wanashangaa.

Tulikusanywa jukwaani. Wachezaji upande huu, wazee wa kamati upande ule, na suti zao kama wanakwenda kujizika wenyewe. Mwenyekiti hakuwepo. Simu imezimwa, mkewe anasema amesafiri. Amesafiri! Mtu aliyekuwa anapiga picha na kila kombe, hata la watoto wa shule, leo ameingia mitini.

Mahakama imetuletea msimamizi. Nilitegemea libaba la miraba minne. Kumbe kabinti, viatu bapa, begi la kompyuta mgongoni. Akasema klabu iko chini yake mpaka apatikane wa kuinunua, na asitoke mtu uwanjani na kitu, hata msumari. Wazee wakaguna. Mmoja akaninong'oneza, eti tumefikia kusimamiwa na watoto. Nikamuuliza, na mlipojisimamia wenyewe mmefika wapi? Kola yake ilikuwa chafu.

Mwanangu, ambaye ndiye Katibu wa klabu, alikaa mwisho wa benchi anaandika. Anaandika nini? Hakuna kilichobaki cha kuandika.

Jumanne, 4 Machi

Binti wa Mahakama anazunguka na stika. Ana orodha ndefu mkononi. Anasoma kitu, anakitafuta, akikiona anakibandika namba. Meza, stika. Kabati la makombe, stika. Kengele ya mapumziko, ambayo haijalia tangu mume wangu yuko hai – stika.

Akafika kwangu, chumba cha kufulia, chini ya jukwaa. Alipiga hodi na akaniamkia, hilo nampa. Akasimama anatazama kamba zangu. Jezi naanika nje-ndani, kwa namba, moja mpaka kumi na nane, ili ikikosekana moja pengo lionekane tangu mlangoni. Ya tisa haipo. Mshambuliaji kaondoka nayo, anasema ni rehani mpaka alipwe mshahara wake. Yule hata goli halioni, huo mshahara atauonea wapi! Binti akacheka. Akasema laiti mambo yote ya klabu yangeanikwa hivi.

Nikaanza kumpenda. Ndipo akabandika stika kwenye mashine yangu ya kufulia.

Namba kumi na saba.

Nikamwambia, binti yangu, hapo umekosea, hiyo ni yangu. Nimefua mashuka ya nyumba ya wageni miaka mitatu kwa mikono ndipo nikainunua. Klabu haijawahi kuwa na mashine. Klabu ilikuwa na mimi na karai. Akashuka na kidole kwenye orodha.

"Bibi, imeandikwa hapa. Mashine ya kufulia, kubwa, moja. Mali ya klabu."

"Kaandika nani?"

Akafunua ukurasa wa mwisho, akanionyesha saini.

Mimi nasoma kwa kuburura, shule niliachia darasa la nne. Lakini saini ile naijua. Mkia wake unarudi nyuma kama wa ng'e. Alijifunza kuipiga mezani kwangu, akimaliza wino wangu.

Jumatano, 5 Machi

Nilitangulia nyumbani kwa mwanangu, nikamngoja. Alipoona viatu vyangu mlangoni alitaka kugeuza. Nikamwita. Mkwe akanimiminia chai akaenda jikoni, ila masikio kayaacha sebuleni.

Anasema ni mambo ya makaratasi tu. Miaka miwili iliyopita benki ilitaka kuona klabu ina mali ndipo itoe mkopo. Mwenyekiti akamwambia, Katibu, andika kila kinachoonekana uwanjani. Naye akaandika! Mtu mzima, ana watoto wawili, anaambiwa andika anaandika.

"Mama, si ilikuwa uwanjani?"

"Na mimi nilikuwa uwanjani. Mbona hukuniandika? Mfuaji, mzee, mmoja, bado anafanya kazi."

Mkwe akacheka kule jikoni, kisha akajitia anakohoa.

Nikamwambia, kesho nenda kwa yule binti umweleze. Akasema atakwenda. Alikuwa anakiambia kikombe, si mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Hakwenda. Jana hakwenda, leo hakwenda.

Lakini leo nimecheka mpaka nimeshika ukuta. Kwenye orodha kuna mashine za kukata nyasi, nne. Binti kazunguka uwanja mzima hazioni. Akamwita mtunza uwanja. Huyo akajikuna, akatazama mawingu, akajikuna tena, mwisho akampeleka nyuma ya goli la chini. Mbuzi! Mbuzi wanne, tena mbuzi wake mwenyewe. Mwanangu kawaandika mbuzi wa watu kuwa mashine! Binti kasimama na stika mkononi anamtazama mbuzi, mbuzi anaitazama stika. Mbuzi ndiye aliyemaliza ubishi. Kaila.

Kisha kicheko kikakatika. Kumbe basi la timu ni la mjane wa dereva. Viti mia mbili ni vya mkodishaji maturubai, aliviacha baada ya mkutano akasahau kuvifuata. Jenereta ni la fundi wa kuchomelea vyuma, hapo ng'ambo ya barabara. Wote wamekuja getini, hiki changu, hiki changu. Klabu yenyewe ina jina na nyasi, na nyasi zinaliwa.

Binti kawaambia wote neno moja. Lete risiti. Au aliyeandika orodha aandike kwa mkono wake kwamba aliandika uongo.

Risiti sina. Miaka tisa! Ilikuwa mfukoni mwa gauni, na kazi yangu ni kufua.

Jumamosi, 8 Machi

Tumefungwa nne. Kipa anasema alikuwa na mawazo. Mawazo gani, na mpira umepita katikati ya miguu? Mashabiki hamsini, wote wakitukana. Wawili wamelipa kiingilio.

Jezi zimerudi safi. Hawakukimbia hata mbio za kutoa jasho.

Jumatatu, 10 Machi

Wenye klabu wamekuja. Ndiyo, wenye – wawili! Mmoja muuza saruji, tumbo mbele, namwita Mzee Saruji. Wa pili ni wakala wa tajiri fulani wa mbali, hakuna aliyewahi kumwona, hata picha. Kila mmoja ana barua kwamba Mwenyekiti alishamuuzia klabu. Barua mbili, saini moja, wiki moja! Wakatunishiana misuli katikati ya uwanja kama majogoo, wamevaa tai. Binti akazisoma zote mbili, akawarudishia. Akasema hiyo ni karatasi tu, klabu haina mwenyewe mpaka mahakama iseme. Wakawa wadogo wote wawili. Nilitamani nimpigie makofi.

Halafu wakaanza kukagua. Mzee Saruji anapigapiga nyasi kwa kisigino, anauliza hapa maduka mangapi yataingia. Mpira hakuuliza. Wakaja kwangu. Akafungua mlango wa mashine akaingiza kichwa.

"Inakwenda hii?"

"Inakwenda kwa mwenyewe."

Wakala akatazama orodha yake. Akasema bosi wake anachukua vyote vyenye namba, kwa mkupuo. Akauliza kama na mama wa kufua ni humo humo.

Nikamwambia mimi sina stika, njoo unibandike uone.

Mzee Saruji akacheka, akasema mama maneno unayo, nikishinda nitakuacha hapa. Ataniacha! Kwenye chumba nilichokipaka chokaa kwa pesa yangu! Nikamwambia baba, anza na hilo shati, kola imekufa na sabuni haifufui.

Katibu alikuwa nyuma yao anawabebea mafaili. Alinisikia nikiitetea mashine mbele ya wageni. Akageuza uso ukutani, eti anasoma ratiba ya mechi za mwaka juzi.

Jumanne, 11 Machi

Mkwe kaja nyumbani kwangu, peke yake. Hakunywa chai. Akakaa kwenye mkeka, miguu kaikunja, nikajua leo kuna maombi.

Anasema mume wake halali. Vizuri, nikasema, mimi pia silali. Anasema akiandika kwamba orodha ni ya uongo, benki itampeleka polisi. Mkopo ulitolewa kwa orodha ile. Mwenyekiti hayupo, saini ni ya nani? Ya mumewe, peke yake. Mwenyekiti alikuwa mjanja, hakutia hata doa la wino.

"Mama, nakuomba. Ni mashine tu."

Mashine tu! Nikamwonyesha vidole vyangu. Hivi vifundo vilivyovimba ni vya karai. Nikirudi kwenye karai leo, mashuka ya nyumba ya wageni siyawezi hata wiki moja. Na nisipofua nitakula kwa nani? Kwa Katibu? Nikae sebuleni kwake nikisubiri anihurumie kwa chakula, naye anasubiri kuhurumiwa na klabu isiyokuwepo?

Akalia. Nikampa leso. Yeye hana kosa. Kosa lake ni kuolewa na mwanangu, na mahari niliipeleka mimi.

Alipoondoka niliosha vikombe visivyokuwa na uchafu.

Jumatano, 12 Machi

Binti wa Mahakama kaniletea karatasi mbili. Akavuta ndoo akakaa, akanisomea polepole, hakunifanya mjinga.

Ya kwanza nasema mashine ni ya klabu, naikabidhi. Basi, imekwisha.

Ya pili nasema ni yangu, na aliyeiandika kuwa ya klabu aliandika uongo huku anajua. Hiyo inakwenda kwa hakimu. Na ikienda, hakimu atauliza na mengine yote kwenye orodha.

"Ya tatu haipo?"

"Ipo, Bibi, lakini si ya kwako. Katibu akija mwenyewe kuirekebisha orodha kabla Ijumaa haijaisha, nitaandika kwamba alikuja mwenyewe. Hakimu huwa analitazama hilo. Siwezi kukuahidi litamsaidia kiasi gani."

"Umemwambia?"

"Mara tatu."

Mara tatu! Na kila jioni anapita kunisalimia, anauliza magoti yanaendeleaje.

Alhamisi, 13 Machi

Viti thelathini vimeruka ukuta usiku. Mwenye maturubai kachoka kungoja haki. Sasa Binti kasema kesho vyote vyenye stika vinahamia ghala la mahakama.

Kapita mlangoni kwangu mara mbili leo, Katibu. Kikohozi chake nakijua. Mara ya kwanza alisimama. Nikaacha kupiga pasi, nikangoja. Akaondoka. Mara ya pili hakusimama.

Mume wangu alikuwa mlevi, lakini akivunja sahani alisema nimevunja. Huyu kalitoa wapi jambo hili la kukwepa kosa lake? Kwangu? Hapana. Sikubali.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika hapa hapa, juu ya ndoo, wananitazama. Wanione.

Wabebaji wanne wamekuja na lori. Basi la mjane limeshavutwa. Alikaa mbele ya gurudumu, wakamnyanyua kama gunia. Mwanangu alikuwepo. Alikuwa ameshika orodha, anatia alama ya vema mbele ya kila kinachotoka. Basi – vema. Jenereta – vema. Fundi kamtukana matusi ya nguoni, yeye kaandika vema. Nilimlea kwa mashuka ya watu akawa mtu wa kutia vema!

Wakaja kwangu. Nilishaijaza mashine jezi zote kumi na saba, soksi na bukta, na maji yanazunguka. Nikawaambia haitoki na maji tumboni, itawamwagikia. Mbebaji mkubwa akasema mama ana haki, ikiwa na maji ni nzito. Binti akauliza dakika ngapi. Ishirini na mbili.

Binti kaweka zile karatasi mbili juu ya mashine, na kalamu. Kalamu inacheza-cheza, mashine inaitikisa.

Mzee Saruji kachungulia, kauliza kinachochelewesha ni nini. Mbebaji kamwonyesha maji yanayozunguka. Kaondoka.

Dakika kumi na moja. Mwanangu yuko mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama kawaida yake. Orodha iko wazi ukurasa wa namba kumi na saba, vema bado. Nimemwambia mbele ya watu, kuna joto huko, ingia. Kaingia. Nimemwambia simama hapo nikuone. Kasimama. Ana mvi juu ya sikio. Sikuwa nimeziona. Mvi, na bado anangoja mama yake aseme!

Dakika tatu. Binti kaniambia kwa sauti ndogo, Bibi, ni lazima uchague moja. Nikamwambia nasikia.

Imelia. Imekwisha. Jezi zimelala kwenye kioo, safi kabisa. Wabebaji wamekunja mikono ya mashati. Mwanangu kafungua mdomo. Tumemgeukia wote, hata wabebaji. Kasema, "Mama –" Kisha kaufunga.

Nimeondoa karatasi. Nimebonyeza tena, mzunguko mrefu. Dakika hamsini na tano.

Binti kauliza, "Bibi, si zimetakata?"

Nimemwambia bado.

Amenitazama, akamtazama mwanangu, akatazama saa. Kisha kavuta ile ndoo nyingine akakaa. Wabebaji nao wamekaa chini, mmoja kaomba maji ya kunywa. Aliyesimama ni mmoja tu.