Mstari Mwekundu wa Baba

S.L.P. 61,
Ikutha, Kitui.
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Kyule,

Pokea salamu za nyumbani, hata kama hukuziulizia. Hujambo wewe? Kile kifua chako hakikusumbui na baridi ya mashine za huko Doha? Sisi tu wazima. Mama analalamikia magoti, mbuzi wawili wamezaa, mvua bado. Habari za Baba zinakuja.

Nimeamua kukuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hunikatiza kabla sijafika katikati. Barua haikatizwi. Nusaiba, yule binti wa Hamisi wa Mutomo, anarudi kazini huko na ndiye atakayekukabidhi. Nimemwomba asimame hapo hadi uimalize.

Ni lile tangi la samaki ulilotuletea Desemba. Wewe mwenyewe ndiwe uliyesema maji yetu ni machafu mno kwa kichujio kidogo, ukatuma mchoro wa tangi la pili la kukaa chini yake, hilo unaloliita sampu. Maji yashuke kwa paipu, yapite kwenye sponji na vipande vya tofali, kisha pampu iyarudishe juu yakiwa safi. Hotelini kwenu mnalo kubwa kama chumba. Tulisikia. Ulituambia habari hiyo mara nne.

Baba alilijenga. Tangu aumie mgongo, miaka miwili, hakuwa ameshika mwiko, huyu aliyejenga nusu ya matangi ya maji ya Ikutha, la kanisa likiwemo, na hakuna hata moja linalovuja. Wiki tatu alikata vioo, akabandika kuta za ndani, akapima na kupima tena. Alikuwa akiimba, Kyule. Mama alinishika mkono tumsikilize kutoka jikoni.

Mwishoni alichora mstari kwa rangi nyekundu kwenye kioo cha sampu na kutuonya maji yasiupite. Juu ya mstari aliacha nafasi tupu, kwa sababu stima ikipotea pampu husimama, na maji kiasi hurudi chini. Lazima yapate pa kukaa.

Jumapili ile tukiwa kanisani stima ilipotea. Tulirudi tukakuta sebule imelowa, na gunia la ndengu tulilotunza kwa mbegu limekaa majini. Baba alisimama mlangoni akatazama muda mrefu. Kisha akasema, "Ni mimi. Nilikosea kupima." Mama alinuna, akazianika ndengu, na yangeishia hapo.

Lakini ulimi wako hauna mfupa. Ukatuma sauti kwenye kikundi cha familia, watu ishirini na watatu wakisikiliza, mpaka shangazi Wavinya wa Mbooni: "Si niliwaambia hiyo si tangi ya kanisa? Hiyo ni kazi ya watu wamesoma. Huyo mzee aachane nayo akachunge mbuzi." Na vikaragosi vya kucheka ukaweka. Baba alisikiliza mara moja, akanirudishia simu yangu. Kesho yake akampa jirani Mutisya mwiko wake, pimamaji yake na kamba zake zote. Siku hizi anashinda kwenye kiti akitazama ukuta. Hata samaki wenyewe hana habari nao.

Kuuliza si ujinga, lakini hukuuliza. Sasa nisikilize mimi.

Ni mimi niliyejaza. Asubuhi ile punda walileta maji kutoka mtoni, mapipa yakajaa, sufuria zikajaa, ikabaki mitungi miwili ya lita ishirini haina pa kumwagwa. Nikaona lile tangi la chini lina nafasi. Niambie, katika Ikutha nzima ni nani huacha chombo kikiwa nusu wakati maji yapo? Mstari niliuona. Nikaupita.

Na stima iliporudi, pampu ikavuta, maji ndani ya sampu yakasimama kwenye mstari ule mwekundu barabara. Hayakupungua wala kuzidi. Yaliyomwagika ni mitungi yangu miwili tu. Baba hakukosea hata upana wa ukucha, mtaalamu wewe, na yote uliyoyasema juu yake ni bure.

Nilikaa kimya siku tisa, na hiyo ni aibu yangu, sikuwekei wewe. Siku ya kumi nilimpigia magoti nikamweleza. Alijua. Aliiona mitungi mitupu kando ya mlango tangu siku ile, akaamua kuubeba mzigo mwenyewe ili Mama asinigombeze kwa ndengu zake. Akaniambia hata yeye angekuwa mimi angejaza. Tukacheka kidogo.

Nikamwomba anikubalie nikachukue vifaa vyake kwa Mutisya. Akakataa. Na ana haki, kwa sababu si mimi niliyemtuma akachunge mbuzi.

Mama anakusalimu, pia dada yetu Katunge na wanawe, na shangazi Wavinya, ambaye ana maneno yake ya kukwambia. Mungu akulinde ugenini, akuzeeshe salama, na akupe watoto wenye adabu kuliko wewe.

Dada yako, anayekupenda hata leo,
Mbinya

Baba hajakutumia salamu. Nilimuuliza mara mbili.