Ujumbe Wako Umetokea Ukutani

Rukia, umeniua! Ujumbe wako umetokea ukutani!

Nilikuwa kwenye mkutano wa wakulima wa kahawa Kigonsera, nawaonyesha picha za magonjwa ya mibuni kwa projekta. Kumbe WhatsApp niliiacha wazi kwenye kompyuta!

Mara ukutani: "Huyo mwenyekiti wenu bado anahutubia? Mwambie mmechoka!"

Ukutani, Rukia! Na mwenyekiti, Mzee Joakim, ameshamaliza hotuba yake, amekaa mbele kabisa!

Nabonyeza huku, nabonyeza kule, haitoki.

Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti, akacheka mpaka akakohoa. "Binti, nifundishe hiyo kompyuta. Nataka nimjibu mwenyewe!"

Nimemwambia hata mimi bado najifunza, basi Jumatatu tunaanza wote. Wewe andaa shikamoo yako!