Tela ya Upande wa Kushoto

Rusinga, Jumamosi, likizo ya Agosti. Jua limewaka tangu saa tatu na upepo wa ziwa umegoma kabisa. Kichwa changu hakielewi kinachoendelea.

Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imejaa rangi ya kijani hadi viwikoni. Leo asubuhi nilifanya jambo dogo sana. Nilivuta tela kutoka juani nikaipeleka kivulini, hatua thelathini hivi, na boma zima likataharuki.

Nianze mwanzo, maana hata mimi nahitaji kujieleza.

Wenzangu wa Kehancha, ninakofundisha, wanajua habari za hii tela. Mwezi wa nne niliona video ya watu wakichemsha chai porini nyuma ya tela yenye kitanda ndani. Nikamtumia mdogo wangu Oduor, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nikamwambia hebu fikiria, tunaifunga nyuma ya kigari changu, tunapita mawe yote hadi mbuga ya Ruma, tunalala tukisikiliza fisi. Oduor huwa anachukua siku tatu kujibu ujumbe. Siku hiyo alijibu kabla sijaweka simu mezani. Alisema tutengeneze.

Nilifurahi kupita kiasi. Sisi wawili hatujafanya kitu pamoja tangu Baba afariki.

Basi tukapata ekseli ya pikapu iliyokufa, tukaongeza nguvu za springi, tukafunga matairi makubwa ili tumbo la tela lipite juu ya mawe. Oduor anachomelea, mimi napima, nakata plaiwudi na kuharibu. Kazi imetuchukua likizo mbili. Na katika likizo hizo mbili kuna mambo ambayo yalinikanganya, nikayaacha yapite.

La kwanza ni mahali. Ukitoka mlangoni kwa Mama ukiangalia lango, upande wa kulia kuna mwarobaini wenye kivuli kizuri, na ardhi ni tambarare. Upande wa kushoto ni jua tupu na mteremko. Oduor akaamua tujenge kushoto. Tukaweka mawe chini ya magurudumu ili tela isiteleze, tukavuta waya mrefu wa umeme, tukachomwa na jua kama samaki wa kuanikwa. Nilipouliza, alisema kushoto kuna hewa.

La pili ni mapazia. Akinyi, msichana wake anayeshona nguo Mbita, alikuja Alhamisi na tepu yake shingoni akapima madirisha ya tela. Nilimtania kwamba kule Ruma anayechungulia ni twiga. Alicheka kidogo, kwa heshima, kisha akapima tena.

La tatu ni kitanda. Kilikuwa cha mtu mmoja juu na mwingine chini, kama tulivyochora. Nikarudi wiki hii nikakuta kitanda kimoja kipana, na ukutani misumari ya kutundika magauni.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilipewa namba zote na bado sikupata jibu.

Leo Oduor alivuka daraja kwenda Mbita kununua bawaba za mlango. Nikabaki na kopo la rangi, jua likinipiga utosini. Nikaona upumbavu gani huu. Nikarudisha gari nyuma, nikafunga tela, nikaivuta polepole hadi chini ya mwarobaini. Nilijisifu hata, kwa sababu ilifuata vizuri na haikuyumba.

Mama alitoka jikoni na kisu mkononi, magamba ya samaki aina ya ngege yamemganda hadi kwenye kanga. Alisimama mbele ya gari. Alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nikiwa mdogo, nikiwa nimevunja kitu na sijajua bado kwamba nimekivunja.

Kisha Oduor akaingia langoni. Aliweka bawaba chini, akafungua ndoano ya tela, akaanza kuisukuma mwenyewe kuirudisha kushoto. Kitu kizito vile, mtu mmoja. Mishipa ya shingo ilimtoka. Nilimkimbilia nikamuuliza ana nini, kivuli kiko bure.

Alisema bila kuacha kusukuma, "Omera, kaka, ule upande ni wako."

Hapo ndipo nilipoelewa, na kuelewa kwenyewe kumenichanganya zaidi.

Kwa wasio wa kwetu: kijana wa kiume hujenga simba, nyumba yake ndogo, katika boma la baba yake. Wa kwanza kuzaliwa hujenga upande wa kulia wa lango, anayemfuata kushoto. Na mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Akijenga amemruka kaka yake, na kumruka kaka ni kumtakia mabaya. Mimi ndiye mkubwa. Nina miaka thelathini na sita na sijawahi kuchimba hata shimo moja.

Baba aliniambia nikiwa kidato cha tatu. Nikasema nimalize shule. Kisha nikasema nimalize chuo. Kisha Baba akafa, na nikajiambia mimi ni mtu wa kisasa, mambo ya nguzo na lango ni ya wazee. Nikija nyumbani nalala lojing' Mbita, nasema ni kwa sababu ya mtandao. Uongo. Nalala huko kwa sababu mwanamume mzima halali kwenye nyumba ya mama yake, na sina pengine.

Lakini sikuwahi kujiuliza Oduor analala wapi.

Analala kwa rafiki yake ng'ambo ya daraja, miaka sita sasa. Kila jioni anaaga. Nilidhani anapenda tu kutembea.

Tulirudisha tela pamoja. Baadaye nilimfuata Mama jikoni nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alijibu kwa Dholuo, nami naandika kwa Kiswahili jinsi nilivyosikia: "Nikuambie nini, nyathina, mwanangu? Kila asubuhi nafagia mahali pako. Huoni nafagia?"

Ni kweli. Pale chini ya mwarobaini hapajawahi kuota hata mche wa sukuma wiki. Nilidhani anapenda usafi.

Alinieleza yaliyobaki. Oduor anataka kumleta Akinyi nyumbani Desemba. Hana pa kumweka. Ndipo akafikiria tela, kwamba kitu chenye magurudumu si nyumba, kwa hiyo hawezi kuwa ameniruka. Mama akakataa. Ina paa, ina mlango, ina kitanda, na mwanamke atapika mlangoni, sasa magurudumu yanamdanganya nani? Amemkataza kulala humo hata mara moja. Oduor naye amesema ikifika Desemba hali ni hii, atapanga chumba Mbita na harudi tena kuomba ruhusa ya mtu.

Na huyu Mama yangu ni shemasi wa kanisa. Nilimkumbusha. Akasema Mungu pia anajua nani alizaliwa kwanza.

Sijui nimkasirikie nani. Nimkasirikie Oduor, aliyeniacha nikate mbao nikiota fisi wa Ruma? Nimkasirikie Mama? Mila? Kila ninayemshika anageuka kuwa mimi. Nilimzibia ndugu yangu mlango miaka yote hiyo, na hata sikujua nimesimama mlangoni.

Je, naamini? Kusema ukweli sijui. Asubuhi ningesema hapana. Ila nimeogopa pia jambo ambalo sijawahi kuliandika: kwamba Baba ndiye alipaswa kusimama nami siku ya nguzo ya kwanza, na nikijenga bila yeye ndiyo nimekubali kwamba hayupo.

Saa kumi nilimpigia baba mdogo, nikamwomba asimame nami mahali pa Baba. Nilidhani atanihubiria. Aliuliza tu kama kuna jembe. Atakuja kesho alfajiri kabla ya ibada.

Nilimwambia Oduor nikiwa nasugua rangi kwenye mikono. Aliendelea kufunga bawaba, skrubu moja baada ya nyingine. Kisha akanipa tepu yake na kusema taratibu, "Weka tu kadogo. Ukilala usiku mmoja inatosha kunifungulia njia. Si lazima ukae."

Alikuwa ananihurumia. Ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba ameningojea miaka sita na bado anajaribu kunipunguzia mzigo.

Usiku mmoja.

Sasa jua linashuka, nimesimama chini ya mwarobaini na tepu ya mdogo wangu, nimepima mara mbili na kupata majibu mawili tofauti. Sijui simba inahitaji mabati mangapi. Sijui nitajenga kwa imani, kwa aibu, au kwa ajili ya Akinyi na mapazia yake.

Ila nimeamua nitaweka madirisha mawili. Mtu wa usiku mmoja haweki madirisha mawili.